Gauni Jekundu Msimu wa Radi

Shangazi alinizaba kofi nikiwa bado nimezungushiwa futi ya fundi kiunoni. Tulikuwa Musoma mjini, kwenye kibanda cha mama mmoja mshonaji karibu na soko, na kitambaa cha satini nyekundu kilikuwa kimetandazwa juu ya cherehani. Kofi lilitua sikioni badala ya shavuni, kwa hiyo kwa muda nilimwona shangazi akifumbua na kufumba mdomo bila kusikia anasema nini. Fundi alirudi nyuma mpaka ukutani, mkasi kifuani. Sikio lilipofunguka nikasikia, "...haivaliwagi kanisani hii! Haivaliwagi! Unataka radi itumalize wote?"

Rangi yenyewe alikuwa ameivumilia tangu tunaingia. Alidhani ni ya sendofu, ile sherehe ya kumuaga binti, ambako bibi harusi anaruhusiwa kuvaa hata rangi za kasuku. Alianza kupumua kwa nguvu niliposema ni ya kanisani, na alipasuka kabisa tulipofika kwenye mshono. Nilimwambia fundi sitaki gauni la kuburuza. Liishie chini kidogo ya magoti, chini liwe na nafasi ya kupiga hatua ndefu, liwe na mikono mirefu, na pembeni nataka mifuko.

"Mifuko?" Fundi alicheka. "Bibi harusi anabebaga nini mfukoni?"

"Nauli," nikasema.

Fundi alidhani natania, akaendelea kucheka. Shangazi hakucheka, maana alijua ni nauli ya kutoka wapi kwenda wapi. Ndipo mkono ulipokuja.

Mkono wa pili niliudaka hewani. Kwetu kumshika shangazi kwa hasira ni jambo la kuitiwa kikao, kwa sababu yeye ni baba wa kike, lakini niliuminya ule mkono mpaka bangili yake ya shaba ikapinda. Nikamwambia polepole, "Shangazi, hili gauni nitafungia ndoa. Mbele ya padri." Alijinasua, akatema mate kizingitini, akaondoka bila kuaga. Mimi nikamgeukia fundi nikamwambia aendelee na mabega.

Mtu asiyetoka kwetu anaweza kuona huu ni ujinga mtupu, lakini sisi tunaijua radi. Masika ikishika, mawingu yanainuka ziwani mchana kweupe, na ikisikika ngurumo ya kwanza kila mama anafunika kioo kwa kanga, anachomoa redio, anawavua watoto chochote chekundu. Nilisoma shule ya msingi kijijini kwetu, kwenye rasi, ambako ukigeuka kushoto ni ziwa na ukigeuka kulia ni ziwa, na sweta zetu zilikuwa nyekundu. Siku moja radi ilipiga darasa la jirani tukiwa kwenye somo la hesabu. Watoto walitolewa wakiwa wameungua, mmoja viatu vimempasukia miguuni, na msichana niliyekuwa nasimama naye kwaya alitolewa amefunikwa. Kesho yake wazazi walikuja na fimbo na mapanga. Mwalimu mkuu alipigwa mpaka akajitosa ziwani na kusimama humo, maji yakimfika kifuani, akiomba radhi. Kisha wakatuvua sweta mmoja mmoja, mimi yangu ilinikwama kichwani na baba wa mtu mwingine akaivuta nusura aninyofoe masikio, wakazirundika uwanjani wakazitia moto. Mwaka uliofuata tulivaa sweta za kijani. Radi ikapiga tena, ikampata mpishi wa uji jikoni kwake. Sikuona mtu yeyote akichoma kijani.

Hasira ya jambo hilo ninayo tangu utotoni, sitaficha. Lakini hiyo peke yake isingetosha kunifanya nipigane na ukoo mzima. Kilichonifanya nitake nyekundu ni nyeupe ya dada yangu.

Dada yangu, aliyenitangulia kuzaliwa, aliolewa na gauni jeupe lenye mkia wa kushikwa na watoto. Kila kitu kilifuatwa. Bwana harusi hakuliona gauni kabla ya kanisa, hakuna aliyeukanyaga mkia, ua halikuanguka, mwavuli mweupe ulifunguliwa mlangoni. Wamama walipiga vigelegele wakasema ndoa hii ina baraka, tumeona dalili zote. Mume alimpeleka Kisorya, alikokuwa na mitumbwi yake, na kabla mwaka haujageuka dada alirudi nyumbani jicho limeziba. Mama alimkanda kwa maji ya chumvi. Baba alimwuliza, "Ulimfanyia nini mwenzio?" Shangazi akampandisha basi akamrudisha mwenyewe. Akaja tena, mkono umefungwa kwa kanga, akarudishwa. Akaja akivuja damu, mimba imetoka kwa mateke, na akapumzishwa, akanyweshwa uji, akarudishwa. Kila safari mama alimsindikiza hadi barabarani akimwambia, "Vumilia mwanangu, wote tumepitaga humo." Nayajua maneno hayo kwa sababu mimi ndiye niliyekuwa nambebea begi.

Siku tulipoitwa Kisorya walisema ameteleza kwenye mawe akichota maji ziwani. Mimi na mama tuliingia kumwosha. Shingoni alikuwa na alama za vidole, vinne upande huu na kimoja upande ule, zimekuwa nyeusi. Nilipaza sauti makusudi ili wanaume waliokuwa nje wasikie. "Mawe gani haya yenye vidole?" Baba akaingia, akanishika nywele akanivuta hadi uani, akaniambia nataka kuleta vita msibani. Mume alikuwa amekaa kwenye kiti cha plastiki, anapewa pole, na mtu amemshikia glasi ya maji.

Kisha wakaleta gauni. Ukoo wa mume ulisema mke kijana anazikwa na nguo aliyofungia ndoa, na hakuna aliyebisha. Halikuingia, kwa sababu mwili ulikuwa umevimba. Ilibidi tulichane mgongoni kwa kisu cha kuparia samaki, tukamwekea kwa mbele kama aproni na kulikunjia chini yake. Tulipomgeuza kumlaza vizuri, damu ilitoka sikioni, ikaingia kwenye lesi ya bega, ikaenea taratibu mpaka kifuani. Mama alichukua shela akafunika hapo. Watu walipopita kuaga walisema amependeza, na mimi nilitamani kumrukia kila aliyesema hivyo.

Kwa hiyo mchumba alipokuja na kauli ya kuoa, mimi sikuwa naogopa radi. Niliogopa kitu kimoja tu: siku nitakayokimbia na kubisha hodi nyumbani, nitafunguliwa mlango au nitapelekwa stendi? Nilitaka kulijua jibu kabla ya kuolewa, na swali la namna hiyo huwezi kumwuliza mzazi wako akiwa anakula. Gauni ndilo lililoniulizia. Nilijiambia kama nitavaa nyekundu wakakasirika, wakatukana, na bado wakasimama nami, basi ipo siku watasimama nami kwa jambo kubwa zaidi. Wakinivua, nijue kabisa kwamba sina kwetu.

Mchumba alikuwa mtu wa upande wa Butiama, mkulima na mfugaji, aliyekuwa akileta maziwa Bunda kwa pikipiki. Mimi nilikuwa nasuka nywele Bunda, kwenye chumba cha barabarani, na tulizoeana kwa maziwa. Alikuwa mpole wa maneno. Nilipomweleza kuhusu gauni aliweka madumu chini akafikiri.

"Nyekundu ya nyanya, au ipi?"

"Ya damu."

Akainama akakaza mfuniko wa dumu uliokuwa umeshakazwa. "Sawa," akasema. "Ila kwetu watawaka."

Waliwaka kweli. Baada ya siku chache alikuja saluni mdomo umepasuka na jino la mbele halipo. Kaka yake mkubwa alimtandika zizini kwa fimbo ya kuchungia, mbele ya ng'ombe na watoto, akisema hawezi kuleta kifo katika boma kwa sababu ya urembo wa mwanamke. Wateja wangu walitoka nje wakatuacha. Nilimpa maji ya kusukutua, na kabla hajamaliza kuyatema nikamwuliza, "Na wewe ulimpiga?"

"Nilimpiga, ee. Kwa nini nisimpige?"

Nilimfuta damu kidevuni, na mkono wangu ulikuwa mzito. Nilikuwa nimetamani mwanaume asiyejua kupiga kabisa, na kwa huku kwetu sijui angepatikana wapi.

Gauni la kwanza lilipokamilika nilifanya kosa la kulipeleka nyumbani rasini. Nilitaka mama aliguse. Alikuwa amekaa jikoni anamenya mihogo, nikalifungua mapajani mwake, na nakumbuka alipitisha kidole kwenye pindo kama anayepima joto la mtoto. Baba akaingia. Shangazi alikuwa ameshafika kabla yangu na maneno yake yote. Baba alilinyakua lile gauni, akalitandika kwenye gogo la kupasulia kuni, akalikata kwa panga kama anayekata nyoka, akiendelea hata baada ya kuwa vipande. Niliporuka kumzuia alinigeuzia ubapa wa panga mgongoni, mara ya kwanza, mara ya pili, sijui mara ngapi, mpaka nikaanguka kwenye maganda ya mihogo.

"Ukisimama madhabahuni na hii takataka, mimi sikutoi!" alisema huku akihema. "Utajitoa mwenyewe! Na ukitoka ndiyo umetoka!"

Mama hakuinua kichwa. Aliendelea kumenya, muhogo mmoja baada ya mwingine, na mimi nilimchukia kuliko nilivyomchukia baba. Niliokota vipande vyangu nikatoka, mgongo umevimba kiasi kwamba kwenye gari nilikaa nimeinamia mbele hadi Musoma. Fundi alipoviona alisema hataki ugomvi na watu wanaokata nguo kwa panga. Kisha akafunga mlango wa kibanda, akashusha jora, akaanza kukata upya kwa vipimo vilevile.

Harusi ilikuwa Butiama, kwenye kanisa la kijijini kwao, katikati ya masika, maana padri hakuwa na Jumamosi nyingine. Tangu asubuhi mawingu yalikuwa yamekaa juu ya vilima. Nilivalia kwenye chumba cha nyumba ya katekista, nyuma ya kanisa, nikiwa na mama na rafiki yangu wa saluni. Nilijitazama kwenye kioo cha mkononi na nilijipenda. Lilinikaa. Niliweza kuinua goti, kuchuchumaa, kupumua. Rafiki yangu alitoka kwenda kutafuta maua, na alipotoka tu mlango ukasukumwa.

Aliingia mama mkwe wangu mtarajiwa, na nyuma yake shangazi, na nyuma yao wanawake wa kamati, walioshiba na wenye nguvu. Shangazi alikuwa amebeba gauni jeupe ndani ya mfuko wa nailoni, la kukodi, limepigwa pasi.

Mama mkwe alianza kwa upole. "Mwanangu, mimi nakuomba tu," alisema. "Baba yao radi ilimchukua. Alikuwa malishoni, na shuka aliyokuwa amejifunika ilikuwa nyekundu. Ng'ombe walilala pale wote, na yeye katikati. Nilimkuta mimi mwenyewe, nikidhani amesinzia. Sasa nakuomba, mwanangu. Sikukatai wewe. Nakataa hiyo nguo."

Mchumba alikuwa ameniambia baba yake alikufa zamani, lakini hakuwa ameniambia alikufaje. Alijua haya yote siku ile alipoweka madumu chini na kusema sawa. Nilimtazama yule mama, na machozi yake yalikuwa ya kweli. Nikamwambia, "Mama, na mimi kuna kitu naogopa. Naomba tukae nikueleze." Nasema bila kuficha, kama tungeachwa wawili mle ndani, pengine ningelivua kwa mikono yangu.

Shangazi hakutupa nafasi hiyo. "Muda umeisha wa hotuba!" alisema, akanishika nywele kwa nyuma akanivuta chini.

Nilianguka chali kwenye sakafu ya saruji, kisogo kikagonga. Mmoja alinikalia mkono wa kulia, mwingine akashika wa kushoto, na shangazi akanipigia magoti kifuani akitafuta zipu. Nilisikia mshono wa bega ukiachia. Mkono wa mtu ulipita karibu na mdomo wangu nikauuma, nikauma kwa nia ya kutoboa, mpaka nikaonja chumvi na mwenye mkono akapiga yowe. Nilipigwa ngumi ya mdomo. Nilijaribu kurusha mateke lakini miguu ilikuwa imeshikwa kwa nguvu kwenye vifundo, na mwenye kuishika alikuwa hasemi kitu wala hahemi. Nje ngurumo ilipita. Wote wakajibana zaidi, wakaharakisha. Nikainua kichwa nione ni nani aliyeninyima miguu yangu, nikaona kilemba cha mama.

"Mama," nilisema. "Na wewe?"

Hakuna kipigo nilichopigwa maishani kilichoniuma kama kuona mikono ile. Alinitazama. Macho yake yalikuwa mekundu na makavu, na midomo ilikuwa inacheza kama mtu anayesali. Kisha vidole vikalegea. Aliachia mguu mmoja, halafu wa pili.

Nilirusha teke la miguu yote miwili kwa nguvu zote nilizokuwa nazo. Lilimpata shangazi tumboni, akaruka akaangukia karai la maji na kisogo chake kikagonga ukuta. Yule wa mkono wa kushoto nilimkwangua uso. Mama alikuwa ameshainuka. Alichukua lile gauni jeupe na nailoni yake, akafungua mlango, akalitupa nje kwenye tope, matone ya kwanza ya mvua yakiwa yanaanza kulitia madoa. Akarudi akauegemea mlango kwa mgongo. Wanawake walimwangalia, naye akawaangalia. Shangazi, akiwa amelowa kwenye karai lake, akamwita jina la tusi ambalo siwezi kuliandika. Mama alichomoa pini kwenye kilemba chake, moja baada ya nyingine, akaniinua, akanifunga bega lililochanika. Mikono yake ilikuwa baridi. Mama mkwe alikaa pembeni kwenye kitanda amejifunika uso kwa kitenge, akilia kwa sauti ya chini, na nilipopita mbele yake nilimgusa goti.

Baba alikuwa nje, chini ya paa la kanisa, ametupa mgongo. Alitimiza neno lake, hakunitoa. Nilitolewa na mama, jambo ambalo wengi mle ndani walikuwa hawajawahi kuliona, kilemba kimelegea kichwani mwake na mdomo wangu umevimba. Tulipokuwa tukipita, watu waliokaa mwisho wa mabenchi walikuwa wanajivuta kuelekea ukutani kana kwamba nina ukoma. Kwaya iliimba nusu nusu. Mchumba alikuwa amesimama mbele na suti ya kijivu na lile pengo lake, na aliponiona mdomo uso wake ulibadilika. Padri naye aliona.

"Binti, uko salama?" aliniuliza bila kutumia kipaza sauti.

"Niko salama, padri. Endelea."

Aliendelea. Alisoma, akahubiri kwa kifupi akitupia jicho dirisha, na alipotuita tusogee kwa ajili ya viapo, radi ilipiga.

Ilipiga nguzo ya umeme iliyokuwa ubavuni mwa kanisa. Sikusikia mlio, niliuona mwanga tu, kila kitu cheupe hadi mifupa, kisha spika zote zikapasuka kwa pamoja na moshi ukajaa. Halafu vikaja vilio. Watu waliruka mabenchi kukimbilia milango miwili ambayo isingewatosha hata wangetulia. Nilimwona mzee mmoja akianguka na watu wakipita juu yake, alivunjika mkono. Mtoto alikuwa anaita mama yake. Na juu ya kelele zote kulikuwa na sauti za wanawake, "Mvueni! Mvueni hiyo nguo! Ni hiyo nguo!" Hakufa mtu siku ile. Lakini mpaka leo ukipita kule ukauliza nguzo ile iliunguzwa na nini, watakwambia iliunguzwa na gauni langu, na mimi siku hizi nawaacha waseme.

Kaka mkubwa wa mchumba alikuwa anakuja kwangu. Watu wote walikuwa wanakimbilia nje na yeye peke yake alikuwa anakuja ndani, amebeba mguu wa benchi lililovunjika, na macho yake yalikuwa ya mtu aliyemwona baba yake amelala kati ya ng'ombe. Hakuwa anapiga kelele. Padri alinyoosha mikono, akasukumwa kando. Nilirudi nyuma nikagonga meza ya altare. Ule mguu wa benchi uliinuliwa juu ya kichwa changu, na hapo mchumba akapiga.

Alipiga ngumi moja tu. Nilisikia mfupa. Kaka yake aliangukia kati ya mabenchi kama gunia na akabaki pale, pua imehama upande, damu ikimtoka puani na mdomoni ikimiminika kwenye shati lake la harusi. Mchumba alisimama juu yake ngumi bado imekunjwa, akihema, tayari kupiga tena, na sura yake sikuijua. Yule muuza maziwa mpole hakuwepo. Niliutazama ule mkono. Alikuwa amenipigania mimi, na hata hivyo niliuogopa.

Mama alikuwa ameuona pia. Kanisa lilikuwa karibu tupu. Waliobaki ni padri, sisi, huyo wa sakafuni, na mama mkwe aliyekuwa amepiga magoti akimwinua mwanawe kichwa. Mama alipanda ngazi ya madhabahu.

Lazima nieleze kwamba kwetu, na kwao vilevile, mama wa binti na mkwe wake hawashikani. Hawapeani mkono, hawatazamani usoni, wakikutana njiani mmoja anapinda pembeni na mwingine anainamisha kichwa. Tangu posa, mama hakuwa amewahi kusema neno hata moja moja kwa moja na mchumba wangu. Salamu zilipitia kwangu au kwa baba. Sasa alimwendea mpaka wakagusana, akamshika tai, akaivuta chini hadi uso wa yule mwanaume mrefu ukawa sawa na wake.

"Huo mkono nimeuona," alisema.

Mchumba hakujua atazame wapi. Alijaribu kuinamisha kichwa kwa heshima na tai haikumruhusu.

"Nilikuwa na mtoto mwingine," mama alisema. "Alikuwa anakuja kwangu amepigwa, nampikia uji, namrudisha. Mimi. Kwa mdomo wangu huu nilikuwaga namwambia vumilia. Unanisikia, baba?"

"Nasikia, mama."

"Huyu akirudi nyumbani, simrudishi. Akirudi amepigwa, akirudi hajapigwa, akirudi ana watoto, akirudi hana. Atakaa. Mje na ng'ombe, mje na wazee, mje na huyo baba yake mwenyewe pale nje, mimi mlango nitaufunga naye akiwa ndani. Na wewe ukija kumfuata na huo mkono, mimi nitakukata."

Alisema mbele ya padri, mbele ya mama mkwe, kwa sauti ambayo sikujua anayo. Baba alikuwa amefika mlangoni, amelowa. Mchumba alifungua ile ngumi, polepole, kidole kimoja kimoja, na sijui kama alijua kwamba anaifungua.

"Nimesikia, mama," alisema tena.

Mama akamwachia tai. Akainyoosha kidogo kwa kiganja, ikakaa sawa, akashuka na kukaa benchi la mbele, pale wanapokaa wazazi wa bibi harusi, na nafasi ya baba akaiacha wazi. Padri alipangusa miwani kwa kanzu, akatafuta ukurasa wake, akauliza kwa sauti ya uchovu kama tunaweza kuendelea. Mimi nilikuwa nalia kwa kelele, makamasi na damu ya mdomo vikinitiririka kwenye satini nyekundu bila kuonekana, nikasema ndiyo, ndiyo, kabla hata hajafika kwenye swali lenyewe.